Je, Wajua? Weupe wa Meno, Kahawa ya Kemondo na Dawa za Daktari

Tangazo la "meno meupe kwa siku tatu" halichagui mtu. Linamkuta mvuvi wa Kemondo kwenye simu yake sawa na linavyomkuta karani wa Dar es Salaam. Kemondo ni mji mdogo wa bandari kwenye Ziwa Victoria, kilomita zipatazo 20 kusini mwa Bukoba, kando ya barabara iendayo Muleba. Hapa ni nchi ya ndizi, samaki na kahawa, na watu wake wana sababu zao za kuuliza maswali mawili: Je, kung'arisha meno kwa mtaalamu ni salama? Na kunaleta matokeo kweli?

Jibu ni ndiyo kwa yote mawili, ila lina sharti. Kabla dawa yoyote haijagusa jino, lazima ijulikane doa limetoka wapi. Mambo yafuatayo yanaeleza sababu.

Je, wajua kwamba jino lenye afya si jeupe pe?

Rangi ya jino hutokana na tabaka mbili. La nje ni enameli, kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, ambacho karibu asilimia 96 yake ni madini. Enameli hupitisha mwanga. Chini yake kuna dentini, na dentini kwa asili ni ya manjano. Unapotazama jino, unaona dentini kupitia enameli.

Kadiri miaka inavyokwenda, enameli husagika na kuwa nyembamba, huku dentini ikiongezeka unene. Ndiyo maana mzee aliyetunza kinywa chake maisha yote anaweza kuwa na meno ya manjano yasiyo na ugonjwa wowote, na kijana mwenye meno meupe akawa na tundu kwenye gego. Jambo la kukumbuka kuliko yote ni kwamba chembe hai zilizotengeneza enameli hufa jino linapochomoza. Enameli ikisagwa au kuliwa na tindikali, haioti tena.

Je, wajua kwamba ukarimu wa Wahaya huacha alama kwenye meno?

Mgeni akiingia nyumba ya Mhaya, mara nyingi kitu cha kwanza kuwekwa mbele yake ni kahawa ya kutafuna, *akamwani*. Ni matunda ya robusta yaliyochumwa, yakachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha yakaanikwa mpaka yakakauka na kuwa na rangi ya kahawia iliyokolea. Mgeni huchukua chache kiganjani, hupasua ganda kwa meno, hutafuna taratibu, na mazungumzo huanza. Zamani buni mbili za tunda moja zilipakwa damu ya marafiki wawili, kila mmoja akameza ile ya mwenzake, na kuanzia hapo wakawa ndugu wa kuchanjiana.

Kahawa ina tanini, na tanini hupenda kushika kwenye utando mwembamba wa protini za mate unaofunika enameli saa zote. Jino huchukua rangi hiyo polepole, kama kikombe cha chai ambacho hakijasuguliwa vizuri. Chai inayolimwa Maruku, jirani na Kemondo, hufanya kazi ileile, na tumbaku ni mbaya zaidi. Hata hivyo doa hili ni la juujuu. Halijaingia ndani ya jino, na halina haja ya dawa kali.

Je, wajua kwamba wengi wanaotaka kung'arishwa wanahitaji kusafishwa tu?

Madaktari wa kinywa na meno hugawa madoa katika makundi mawili. Madoa ya nje hutokana na kahawa, chai, tumbaku, ukoga uliogandamana kuwa ugaga, dawa ya kusukutulia yenye klorheksidini ikitumiwa muda mrefu, na dawa ya maji ya kuongeza damu yenye madini ya chuma. Madoa ya ndani yamo katika mwili wa jino lenyewe: floridi iliyozidi utotoni, dawa ya tetrasaiklini, pigo lililoua jino, au uzee.

Madoa ya nje huondolewa kwa kusafishwa: daktari au tabibu wa meno hukwangua ugaga kwa chombo chenye mtetemo au kwa vyombo vya mkono, kisha hung'arisha uso wa jino kwa brashi ndogo na unga laini. Mtafuna kahawa anayefanyiwa hivyo mara nyingi huondoka ameridhika. Zaidi ya hayo, fizi zake huacha kutoa damu, faida ambayo dawa ya kung'arisha haiwezi kumpa.

Je, wajua kwamba dawa ya kung'arisha haikwangui chochote?

Dawa kuu ni haidrojeni peroksaidi. Wahudumu wa afya wanaijua kwa miaka mingi, kwani myeyusho wa asilimia 3 hutumika kusafisha vidonda. Ikipakwa juu ya jino, hupenya enameli na kufika kwenye dentini, ikatoa oksijeni yenye nguvu ya kuvunjavunja chembe kubwa za rangi. Chembe zikivunjika hupoteza rangi, na jino likaonekana jeupe bila kupunguzwa unene. Mwishowe dawa yenyewe hubaki maji na oksijeni.

Dada yake ni kabamaidi peroksaidi, ambayo hutoa peroksaidi polepole. Kabamaidi ya asilimia 10 hutoa haidrojeni peroksaidi ya takriban asilimia 3.5 tu. Ndiyo maana tarakimu kubwa kwenye boksi haitoshi kukuambia ukali wa dawa. Lazima ujue ni dawa ipi kati ya hizo mbili.

Je, wajua kwamba njia salama zaidi iligunduliwa kwa bahati?

Mwishoni mwa miaka ya 1960, daktari wa kupanga meno Bill Klusmier wa Fort Smith, Arkansas, Marekani, alimpa mgonjwa mwenye vidonda vya fizi dawa ya kuua vijidudu yenye kabamaidi peroksaidi, aiweke ndani ya trei yake ya meno usiku. Fizi zilipona, na meno yalikuwa yamebadilika rangi kuwa meupe zaidi. Habari ilienea kwa mdomo miongoni mwa madaktari kwa miaka mingi, hadi mwaka 1989 Van Haywood na Harald Heymann walipoichapisha kama njia rasmi ya tiba.

Njia hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Daktari hupima meno ya mteja na kumtengenezea trei laini inayokaa sawasawa kwenye meno yake. Mteja hutia tone dogo la dawa katika nafasi ya kila jino na kulala nayo, kwa wiki 2 mpaka 6. Inachukua muda, lakini kiasi cha dawa ni kidogo, fizi hazichomwi, na matokeo yake hayaachwi nyuma na yale ya dawa kali ya kliniki.

Je, wajua yanayotokea kwenye kiti cha daktari?

Kwanza daktari huchunguza kinywa chote: matundu, nyufa, fizi, mizizi iliyo wazi. Kisha huchukua kipimo cha rangi, kijiti chenye sampuli za meno ya kaure. Kile kinachotumika zaidi duniani kina rangi 16, zilizopangwa kwa makundi ya herufi A hadi D. Hulinganisha sampuli na meno ya mteja na kuandika namba, ili baadaye pasiwe na ubishi.

Meno husafishwa. Midomo huvutwa kando kwa kishikio cha plastiki. Kwenye fizi hupakwa uji mzito unaogandishwa kwa taa mpaka ukawa ukingo mgumu, kwa sababu dawa itakayofuata ina peroksaidi ya asilimia 25 hadi 40, na tone moja likigusa ufizi huubabua papo hapo ukawa mweupe. Dawa hupakwa kwa unene wa milimita moja au mbili, huachwa dakika kama 15, hufutwa, hupakwa tena. Mtu asiyejua kulinda fizi hana haki ya kushika dawa hiyo, na hatua hii ndiyo inayorukwa kwenye saluni.

Na ile taa ya bluu inayopendwa kwenye picha? Tafiti nyingi zimelinganisha meno yaliyomulikwa na yasiyomulikwa, na baada ya wiki chache tofauti haionekani. Kazi hufanywa na dawa.

Je, wajua kwamba weupe wa siku ya kwanza hautabaki hivyo?

Kinywa kikiachwa wazi kwa saa nzima, meno hukauka, na jino lililokauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Mteja akitazama kioo anaona mabadiliko makubwa, na picha hupigwa wakati huo. Mate yakilowesha meno tena, sehemu ya weupe ule huondoka. Rangi ya kweli hutulia baada ya wiki moja au mbili, na hapo ndipo kipimo kinapaswa kurudiwa.

Weupe uliobaki haudumu milele. Kwa wengi hukaa mwaka mmoja hadi mitatu, na anayetafuna kahawa kila siku au kuvuta sigara hurudi alikotoka mapema zaidi. Si kosa la daktari, ni mazoea ya kinywa.

Je, wajua sayansi inasema nini kuhusu matokeo na madhara?

Mwaka 2018 taasisi ya Cochrane, inayosifika kwa kuchambua tafiti za tiba, ilikusanya majaribio 71 ya dawa za kung'arisha meno zinazotumiwa nyumbani. Ilibaini kwamba dawa hizi hung'arisha meno zaidi kuliko dawa bandia zisizo na kitu, angalau kwa muda mfupi. Madhara yaliyoripotiwa zaidi ni mawili: meno kuingia ganzi na fizi kuwasha. Yalikuwa madogo, ya kupita, na yaliongezeka kadiri dawa ilivyokuwa kali. Wachambuzi hao hao walisema ushahidi mwingi ulikuwa dhaifu, kwa kuwa majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi.

Kwa hiyo anayesema kung'arisha meno hakuna faida anakosea, na anayeahidi meno meupe daima bila ganzi hata kidogo anakosea zaidi.

Je, wajua kwa nini meno huingia ganzi?

Peroksaidi hupita enameli na dentini na kufika kwenye kiini cha jino, penye mishipa ya damu na ya fahamu, ndani ya dakika chache. Kiini hukasirika kidogo. Kwa jino zima lisilo na ufa, maumivu ni ya mchomo wa ghafla unapokunywa maji ya baridi, na huisha kwa siku kadhaa. Dawa ya meno yenye potasiamu naitreti, ikitumiwa wiki mbili kabla, hupunguza tatizo, na floridi pia husaidia.

Jino lenye tundu ni habari nyingine. Dawa hupata njia ya mkato hadi kwenye kiini, na maumivu yake hayasahauliki. Kwa sababu hiyo matundu huzibwa kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha hushauriwa kusubiri, kwani hakuna haraka yoyote ya kitabibu. Watoto nao wasubiri mpaka wakue.

Je, wajua kwamba kofia za meno na vizibo having'ai?

Peroksaidi huvunja rangi za jino la asili tu. Haigusi kaure ya kofia ya jino, wala kizibo cheupe, wala jino la bandia. Mtu mwenye kofia kwenye jino la mbele akiyang'arisha mengine, ile kofia itabaki na rangi yake ya zamani katikati ya meno meupe, na itabidi alipie kofia mpya. Daktari mwaminifu humwambia mteja jambo hili kabla ya kuanza. Vilevile, kizibo kipya husubiri kama wiki mbili baada ya kung'arishwa, maana oksijeni iliyobaki kwenye jino huzuia gundi ya kizibo kushika.

Je, wajua kwamba jino moja lililofanya giza lina tiba yake?

Ajali ya bodaboda, ngumi, au kuanguka utotoni huweza kuua kiini cha jino la mbele. Damu huvuja ndani ya jino na kuacha rangi ya kijivu au kahawia. Dawa ya kupaka kwa nje haimsaidii sana mtu huyu. Kwanza anahitaji matibabu ya mzizi wa jino, kisha daktari huweka dawa ndani ya jino, huliziba kwa muda, na kumruhusu mgonjwa arudi nyumbani dawa ikiendelea kufanya kazi kwa siku kadhaa. Njia hiyo ilielezwa na madaktari Nutting na Poe mwaka 1963. Inataka uangalifu, kwani ikifanywa vibaya, hasa kwa kutumia joto kali, mzizi unaweza kuanza kumomonyoka. Lakini kwa kijana aliyezoea kufunika mdomo kwa kiganja kila anapocheka, ni tiba inayostahili safari.

Je, wajua kwamba Kemondo ina bahati ambayo Arusha haina?

Floridi ikiwa kidogo hulinda meno. Ikizidi wakati meno ya mtoto yanajengeka ndani ya taya, yaani katika miaka 8 ya mwanzo, enameli hutoka na mabaka meupe, na ikizidi sana hutoka ya kahawia na yenye vishimo. Shirika la Afya Duniani linashauri maji yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Katika maeneo ya volkano ya Arusha na Kilimanjaro, na sehemu za Singida na Shinyanga, baadhi ya visima na chemchemi huzidi hapo mara nyingi, na viwango vya muda vya Tanzania vya miaka ya 1970 viliruhusu hadi miligramu 8 vijijini, kwa kuwa maji mengine hayakuwepo.

Maji ya Ziwa Victoria yana floridi kidogo, chini ya miligramu 1 kwa lita, na mradi wa maji wa Kemondo–Maruku huyachota humo humo ziwani. Ng'ambo ya pili ya mpaka, Kasese nchini Uganda, watafiti walipima maji ya miligramu 2.5 na kukuta meno ya watoto yenye madoa.

Bahati hiyo inaweza kupotea jikoni. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande ili yaive upesi huweza kuwa na floridi nyingi sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulikuta watoto wa Kibosho, Kilimanjaro, wakiwa na madoa makali ilhali maji yao karibu hayana floridi. Magadi yalikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa, pamoja na mwinuko wa nchi. Mama wa Kemondo anayepika maharage ya mtoto mdogo afikirie kuyaloweka usiku kucha badala ya kutia magadi.

Je, wajua kwamba mkaa husafisha maji lakini hauondoi doa la floridi?

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuondoa floridi katika maji kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa kwenye tanuri kwa joto linalodhibitiwa, husagwa, na maji yakipitishwa humo floridi hunaswa. Hiyo ni kazi ya kweli, na inamlinda mtoto ambaye meno yake bado hayajatoka.

Kusugua meno kwa mkaa ni jambo jingine kabisa. Doa la floridi limo ndani ya enameli, na mkaa, mchanga au majivu hayawezi kulifikia bila kuisaga enameli yenyewe. Mwaka 2017 jarida la chama cha madaktari wa meno cha Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti kuhusu dawa za meno zenye mkaa, na mapitio hayo hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba zinang'arisha wala kwamba ni salama. Anayesugua kwa nguvu kila asubuhi hufichua dentini, na dentini ni ya manjano. Anatafuta weupe, anapata kinyume chake.

Je, wajua kwamba doa la kahawia ndilo lililoileta floridi kwenye dawa ya meno?

Mwaka 1901 daktari kijana Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Alifuatilia miaka 30. Akaona pia kwamba meno hayo hayaozi kwa urahisi. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipima maji na kukuta floridi nyingi. Kutoka hapo wanasayansi walijifunza kwamba kiasi kidogo hulinda bila kuacha doa, na leo dawa nzuri ya meno ina floridi ya sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni. Mtoto wa chini ya miaka 3 atumie kiasi cha punje ya mchele tu, na asimeze.

Aliyekwisha kupata doa hakuachwa bila msaada. Mwaka 1986 Theodore Croll na Robert Cavanaugh walieleza namna ya kuondoa ngozi nyembamba mno ya enameli kwa tindikali iliyopimwa pamoja na unga wa kusugulia, kazi ya daktari peke yake. Mara nyingi njia hiyo hufuatwa na kung'arisha kwa trei, na kwa madoa makubwa hutumika vizibo vyeupe au vigamba vya kaure. Peroksaidi peke yake huweza kuyafanya mabaka meupe yaonekane zaidi katika siku za mwanzo, na mteja aliyeonywa hashtuki.

Je, wajua kwamba limau linadhuru kuliko kahawa?

Enameli huanza kupoteza madini kinywa kikishuka chini ya takriban pH 5.5, kipimo ambacho namba ikipungua tindikali huzidi. Juisi ya limau iko kati ya pH 2 na 3. Kupaka limau kwenye meno, hata likichanganywa na soda ya kuokea, ni kuyeyusha enameli. Soda ya kuokea yenyewe, ikiwa na maji tu, husugua kidogo na haina ukali huo, ila huondoa doa la nje peke yake. Dawa ya klorini ya kufulia nguo haipaswi kuingia kinywani kwa sababu yoyote ile. Huunguza fizi, ulimi na koo.

Je, wajua kwamba watu wengine walipenda meno ya rangi?

Japani, kwa karne nyingi, wanawake walioolewa na watu wa tabaka la juu walipaka meno yao rangi nyeusi, mpaka serikali ya Meiji ilipokataza desturi hiyo kwa wakubwa mwaka 1870. Pwani yetu na Zanzibar, tambuu yenye popoo na chokaa iliipa midomo na meno wekundu uliohesabiwa kuwa pambo la mwanamke wa heshima. Leo tunajua zaidi: popoo imeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Desturi nyingine ya pwani ina manufaa: mswaki wa mti, ambao Waislamu wa huko wameutumia karne nyingi, ulikubaliwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1980 kama chombo cha kusafishia kinywa. Hauondoi doa la ndani, lakini ukitumiwa kila siku huzuia ukoga, na hauna gharama kubwa.

Je, wajua sheria inamruhusu nani?

Katika Umoja wa Ulaya, tangu Oktoba 2012, dawa yenye peroksaidi inayozidi asilimia 0.1 hadi 6 huuzwa kwa madaktari wa meno tu, matumizi ya kwanza hufanywa na daktari au chini ya uangalizi wake, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi. Nchini Uingereza, mwaka 2013, Mahakama Kuu iliamua kwamba kung'arisha meno ni kazi ya udaktari wa meno, hivyo mtu wa saluni hana ruhusa ya kuifanya.

Tanzania ina Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, na Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalowasajili madaktari wa meno. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Muhimbili imefundisha madaktari wa meno tangu mwaka 1979, lakini wengi wako mijini, na huduma ya kung'arisha hupatikana zaidi kwenye kliniki binafsi za miji mikubwa. Pengo hilo ndilo linalojazwa na wauza vifaa vya mtandaoni.

Je, wajua maswali ya kuuliza kabla ya kutoa pesa?

Yako matano, na mtaalamu wa kweli hayamuudhi. Umesajiliwa kama daktari wa meno? Utanichunguza kinywa kabla ya kuanza? Doa langu ni la nje au la ndani? Dawa yako ni ipi na ni asilimia ngapi? Nikiumwa usiku, nakupata wapi? Akishindwa kujibu hata moja, funga mkoba wako uondoke.

Kwa msomaji wa Kemondo, Kamachumu, Muleba au Bukoba, ushauri ni huu. Usianze na mkaa, limau wala kifurushi cha mtandaoni. Anza na kiti cha daktari wa kinywa na meno katika hospitali iliyo karibu nawe au hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Bukoba, omba uchunguzi na usafishaji wa meno, kisha ujitazame kwenye kioo. Ukiridhika, umeokoa fedha na enameli yako. Usiporidhika, utakuwa umejua doa lako ni la namna gani, na daktari atakuelekeza kwenye tiba inayolifaa. Kahawa ya mgeni endelea kuipokea kwa mikono miwili; sukutua kwa maji baada ya kutafuna, na piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi. Jino jeupe linapendeza, lakini jino zima ndilo la kulindwa kwanza.